Hesabu Mito, Usihesabu Kilomita
Ushauri kwa anayetaka kuzuru milima ya Kivu kwa baiskeli kutoka Gisenyi

Jamaa yangu mmoja wa Dar es Salaam, mwenye miguu ya chuma, amezoea kutoka Mwenge alfajiri, kufika Bagamoyo na kurudi nyumbani jioni akiwa bado ana nguvu za kupiga soga. Alipokuja Gisenyi alitandaza ramani mezani, akapitisha kidole kwenye ukingo wa Ziwa Kivu kutoka hapa mpaka Karongi, akasema, "Ni kando ya ziwa tu, kaka. Siku moja inatosha." Giza lilipoingia alikuwa hajafika hata Kinunu, kituo cha siku ya kwanza. Tulimkuta amekaa juu ya jiwe, viatu kavua, kijana wa kijiji kamshikia baiskeli. Hakuwa mzembe wala mgeni wa baiskeli. Ramani ndiyo iliyomponza, na kila mwaka naona wengine wakiponzwa vivyo hivyo.

Mtu wa pwani akisikia "kando ya maji" anawaza tambarare. Kivu si hivyo. Uso wa ziwa uko kama mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na mwendo mfupi tu mashariki yake umesimama mgongo wa milima unaopita mita 2,500, ule unaogawa maji ya Afrika. Mvua ikinyesha upande wa magharibi wa mgongo huo inashuka Kivu, inatoka kwa mto Rusizi, inaingia Tanganyika na mwisho wake ni mto Kongo. Ikinyesha upande wa pili inafuata Nyabarongo na Akagera mpaka Ziwa Victoria, kisha Nile. Mgongo ukiwa karibu hivyo na ziwa, mito inayoshuka Kivu haina nafasi ya kujinyoosha. Ni mifupi, ina kasi, na kila mmoja umechimba bonde lake. Njia inayofuata ziwa haina budi kuyakata mabonde hayo yote: unashuka mpaka darajani, unapanda mpaka mgongoni, unaliona ziwa dakika tano, unashuka tena.

Kwa hiyo ukipanga safari ya huku, weka kando kilomita. Chukua ramani inayoonyesha mito, hesabu mito inayokatiza njia kati ya unapolala leo na unapolala kesho. Sebeya, Koko, Muregeya, na vijito vingi ambavyo majina yake wanayajua wanaochota maji humo. Kila mto andika mshuko mmoja na mlima mmoja. Mimi nikiwa na mizigo huhesabu saa moja kwa kila mita 300 za kupanda, na sehemu za tambarare sizihesabu kabisa, kwa sababu ni chache mno kuweza kubadili chochote. Hesabu hii inafaa pia kwenye Usambara, na kwa anayetoka Iten kushuka bonde la Kerio na kupanda tena mpaka Kabarnet. Huku Rwanda ndiyo inayoamua kama utakula chakula cha jioni mezani au njiani.

Njia yenyewe ina jina, Congo Nile Trail. Ni kilomita 227 kutoka Rubavu, jina la wilaya ambayo Gisenyi ndio mji wake, mpaka Kamembe wilayani Rusizi, ikipita Rutsiro, Karongi na Nyamasheke. Waendao kwa miguu hupewa siku kumi, wa baiskeli siku tano. Nakushauri uchukue sita. Hiyo ya sita si ya kupumzika, ni ya mvua au ya spoku iliyokatika, na usipoihitaji utaitumia Karongi ukiangalia visiwa.

Kabla ya kuanza safari ndefu, jipime siku moja kwenye bonde la Sebeya. Toka mjini kwa barabara ya lami ya Musanze, pita Nyundo na soko la Mahoko, kisha chepuka kuelekea mashamba ya chai ya Pfunda. Ni mwendo wa asubuhi moja na unakufundisha mambo yote: namna lori la viazi linavyokupita kwenye kona, namna kifua kinavyobana mtu aliyetoka usawa wa bahari, namna gia yako ya mwisho isivyokuwa ndogo kama ulivyodhani. Mtu wa Mombasa au Tanga ajipe siku mbili tatu mjini kwanza. Pumzi haiji kwa ushujaa.

Ukiwa Mahoko tazama kuta za nyumba zilizo karibu na mto. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023 Sebeya ulivunja kingo zake, na hasa katika mikoa ya Magharibi na Kaskazini mafuriko na maporomoko ya udongo yaliua watu zaidi ya 130 kwa usiku mmoja. Maji hayo yanatoka juu, pande za Gishwati. Msitu wa Gishwati ulikuwa na hekta zipatazo 28,000 miaka ya 1970. Ulikatwa kwa malisho, kwa mashamba, kwa makazi ya watu waliorudi baada ya vita, mpaka kufikia miaka ya mwanzo ya 2000 zilibaki kama hekta 600. Miti imepandwa tena na mwaka 2015 sheria iliufanya kuwa sehemu ya hifadhi ya taifa ya Gishwati-Mukura, lakini mteremko uliovuliwa nguo haurudishiwi shuka kwa miaka michache. Nayaeleza haya kwa mwendesha baiskeli kwa sababu moja: kando ya ziwa kunaweza kuwa na jua kali nawe ukashuka kwenye daraja la miti ukadhani ni kijito, kumbe saa moja iliyopita mvua imepiga huko juu usikokuona. Maji yakiwa na rangi ya chai ya maziwa na yanabeba vijiti, usivuke. Kaa, kula ndizi, ngoja. Mito mifupi hujaa haraka na hupungua haraka. Nimewahi kungoja saa mbili, nikavuka maji yakiwa chini ya magoti.

Misimu yetu ina majina manne. Itumba, mvua ndefu, ni Machi mpaka Mei. Umuhindo, mvua fupi, huanza Septemba na kwenda mpaka Desemba. Katikati yake ni Urugaryi, kiangazi kifupi cha Januari na Februari, na Impeshyi, kiangazi kirefu cha Juni mpaka mwanzoni mwa Septemba. Njoo Impeshyi. Vumbi litakuwepo, lakini vumbi linafutika. Udongo mwekundu wa Rutsiro ukilowa unashika tairi, unajaza uma, unaziba breki, na baiskeli inakataa hata kusukumwa. Mvua ikikunyeshea ukiwa huko, beba kijiti cha kukwangulia, tafuta baraza, omba kukaa. Mtu akikukatalia baraza lake wakati wa mvua utakuwa wa kwanza ninayemsikia. Aprili nakushauri uiache kabisa, kwa mvua na kwa jambo zito kuliko mvua: tarehe 7 huanza juma la maombolezo ya mauaji ya kimbari ya 1994 dhidi ya Watutsi. Njia yako inapita Karongi, wilaya ya vilima vya Bisesero, ambako watu walipigana kwa mawe na mikuki mpaka wengi wao wakauawa. Ukiwa huko mwezi wowote, panda Bisesero kwa heshima, uvae nguo za adabu, wala si zile za kubana za mashindano.

Sasa baiskeli. Mambo matatu ndiyo yatakayokuokoa: gia ndogo, breki nzuri na tairi pana. Baiskeli ya milima ya mtumba iliyotunzwa inafaa kuliko ya mashindano ya bei kubwa. Mbele uwe na duara dogo la meno yasiyozidi 28 au 30, nyuma friwili yenye sahani kubwa, ili uweze kupanda ukiwa umekaa huku unaongea. Tairi isipungue upana wa inchi 2, na usiijaze upepo mpaka iwe ngumu kama jiwe, kwa maana sehemu za mawe zitakutikisa mpaka meno. Mizigo iwe chini, kwenye mikoba ya pembeni, si juu ya kerea. Mzigo uliokaa juu unakuvuta nyuma ukipanda na unakusukuma ukishuka.

Mafundi wapo kila senta, chini ya mti au mbele ya duka, na wana mikono ya ajabu. Nimeona mtu akinyoosha rimu kwa goti na spana moja, na gurudumu likaenda siku tatu bila kuyumba. Lakini spea zao ni za baiskeli nyeusi za mizigo. Pancha wataziba, spoku watapata, tairi za inchi 28 zipo. Usitegemee kupata pedi za breki za diski, wala kile kipande kidogo cha chuma kinachoshikilia mkono wa gia wa nyuma. Hivyo viwili vinunue kwenu, viweke mfukoni pamoja na kiungo cha mnyororo na tyubu mbili.

Kuhusu kushuka niruhusu nikawie kidogo, kwa sababu watu hujiandaa kupanda na huumia wakishuka. Kwenye mteremko mrefu usikandamize breki mfululizo. Kwa breki za kubana rimu, rimu inapata moto mpaka tyubu inapasuka, na kwa diski breki inaanza kuteleza wakati unaihitaji zaidi. Finya kwa nguvu, punguza mwendo, achia, acha ipoe, finya tena, mbele na nyuma pamoja. Punguza mwendo kabla ya kona, usingoje ukiwa ndani yake. Jua pia kwamba huko chini hauko peke yako. Rwanda tunaendesha kulia, jambo ambalo Mkenya au Mtanzania hulisahau hasa akitoka kupumzika, na upande huohuo wa kulia wamo akina mama na mizigo kichwani, mbuzi, na wanyonzi, vijana wa baiskeli za abiria na mizigo, wanaoshuka na magunia ya viazi kutoka Mukamira kwa kasi inayotisha. Wapishe. Breki zao wakati mwingine ni soli ya kiatu, na hawawezi kukukwepa hata wakitaka.

Ukibahatika utaona chukudu pia, ile baiskeli ya mbao isiyo na pedeli, ambayo huko Goma, ng'ambo ya mpaka, imejengewa sanamu. Goti moja juu ya ubao, mguu mwingine unasukuma, na kwenye mteremko mlima wenyewe unafanya kazi yote. Nikiitazama naona watu walioielewa nchi yao: kupanda unasukuma, kushuka unabeba kilo mamia. Mashindano makubwa ya baiskeli tunayo, Tour du Rwanda tangu 1988, na Septemba 2025 Kigali ikawa mji wa kwanza wa Afrika kuandaa ubingwa wa dunia wa baiskeli za barabarani. Najivunia hayo. Lakini walioanza kuishinda milima hii kwa magurudumu ni hawa wenye viazi na mkaa, na mwendesha baiskeli anayewapita bila salamu amekosa adabu.

Salamu, basi. Kiswahili ni lugha rasmi ya Rwanda tangu 2017, na Gisenyi, kwa ujirani na Goma, kinazungumzwa sokoni kila siku. Ukiingia vijijini Rutsiro kinapungua. Jifunze "mwaramutse" ya asubuhi, "mwiriwe" ya mchana na jioni, "murakoze" ya shukrani, na "amazi" ukiwa na kiu. Watu watakupigia kelele "komera!", maana yake jikaze, uwe na nguvu. Watoto watakukimbilia mlimani, wengine watakusukuma kwenye kerea. Wakisukuma vizuri waache, wakining'inia simama, ongea nao, cheka nao, kisha endelea. Usigawe pesa wala pipi. Anayefuata nyuma yako ndiye atakayelipa deni hilo.

Ukiuliza umbali utaambiwa "hafi aha", hapa karibu, hata kama ni nusu siku. Hilo ni la upole, mtu hataki kukuvunja moyo. Uliza swali lingine: kuna mito mingapi mbele, na daraja la mwisho ni zima? Mzee mmoja pale juu ya Koko alipoonyesha vidole vitatu, kisha akavikunja kimoja kimoja akionyesha kwa mkono mshuko na mlima wa kila mto, alinipa ramani bora kuliko ya kwenye simu yangu.

Siku ya kwanza kutoka Gisenyi inaanza kwa ulaini. Kilomita saba hivi za kando ya ziwa mpaka Rubona, ambako mitumbwi mitatu mitatu iliyofungwa pamoja inapumzika baada ya kuvua sambaza usiku kucha. Sambaza ni ndugu wa dagaa wa Kigoma, waliletwa Kivu kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo hakuna kifungua kinywa kinachowashinda wakikaangwa na ndimu. Kula hapo, shiba. Mbele kidogo ni kiwanda cha bia kilichopo tangu 1957, mdomo wa Sebeya na chemchemi za maji moto za Nyamyumba, kisha lami na ulaini vinaisha pamoja. Kutoka hapo mpaka Kinunu ni migomba, kahawa na vilima vya kupanda na kushuka bila huruma. Toka Gisenyi saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ufike Kinunu alasiri, utazame kahawa ikioshwa, uoge ziwani. Mamba hamna.

Siku ya pili, Kinunu mpaka Karongi, ndiyo ngumu kuliko zote. Wakikuambia ni siku ya tatu au ya nne, ni kwa sababu walifika huko wamechoka na hii. Mito ya Koko na Muregeya yote miwili iko kwenye njia hiyo. Ukiamka miguu haitaki, upo mlango wa pili: panda mpaka barabara ya lami inayotoka Pfunda kwenda Karongi kwa juu, kupitia senta ambayo jina lake lenyewe ni Congo-Nil. Lami hiyo ni nzuri, ina mandhari yanayofungua moyo, na mabonde imeyakata kwa ustaarabu zaidi. Wapo wanaosema kuitumia ni kujidanganya. Sikubaliani nao. Safari ni yako, na goti ni lako.

Kutoka Karongi kwenda Mugonero, Kibogora na Kamembe njia inazidi kukutana na lami, vituo vya kulala vipo, na hesabu ya mito ni ileile.

Kalale chini ya paa mahali popote pale, na chandarua usikikatae. Ukitaka kupiga hema kuzunguka Gisenyi yenyewe, kumbuka neno ambalo wenyeji wa huku na wa Goma wanalijua toka utotoni: mazuku, hewa mbaya. Ni gesi ya kaboni inayotoka ardhini kwenye nchi ya volkano, nzito kuliko hewa ya kawaida, hivyo hujikusanya mashimoni na mabondeni bila harufu wala rangi, na mtu aliyelala chini haamki. Hema lipigwe palipoinuka, na uulize kwanza wenye shamba. Kama hawataki ulale hapo, usibishane.

Goma usiiingize kwenye mpango wa baiskeli. Mji ulitekwa na waasi wa M23 mwishoni mwa Januari 2025, na katika mapigano hayo makombora yalivuka mpaka na kuua watu huku Rubavu. Hali ya mpaka iulize mjini asubuhi ya siku unayotoka, na kamera iache mfukoni karibu na vizuizi.

Mambo madogo yaliyobaki. Saa ya Rwanda iko nyuma kwa saa moja ukilinganisha na Nairobi na Dar, na jua linazama karibu na saa kumi na mbili jioni, basi saa kumi na moja uwe umejua unapolala, kwa sababu baiskeli gizani kwenye barabara hizi ni hatari kwako na kwa wengine. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku tangu 2008, usije nayo. Jumamosi ya mwisho ya mwezi ni umuganda, kazi ya pamoja, kuanzia saa mbili mpaka saa tano asubuhi. Usipite ukipiga kengele huku watu wanachimba mifereji. Simama, omba jembe, chimba nao. Ni mifereji hiyohiyo inayozuia njia yako isisombwe. Faranga taslimu, za noti ndogo, uwe nazo za kutosha siku mbili.

Kurudi, kama muda na miguu vimekwisha, pakia baiskeli kwenye mashua kutoka Karongi. Elewana bei kabla ya kupanda, toa mikoba, ilaze baiskeli mnyororo ukitazama juu, uifunge kwa kamba yako mwenyewe. Kisha kaa upande wa kulia. Mdomo wa Muregeya utapita, halafu wa Koko, bonde baada ya bonde, na juu ya kila moja utaona ule mstari mwembamba wa njia ukishuka na kupanda mpaka Rubona.